Marubani wakinong'ona, nauli ya Nakivale iko hatarini

Safari ya ndege ya mtu wa Nakivale huanzia kwenye vumbi. Kwanza bodaboda au teksi hadi Mbarara, kisha basi kupitia Masaka hadi Kampala, ndipo Entebbe. Kufikia hapo tiketi imeshalipwa wiki kadhaa nyuma, mara nyingi kwa pesa za kuchangishana au za ndugu aliye ng'ambo. Kwa hiyo uvumi kwamba shirika fulani linayumba, ukifika Base Camp kwa simu, si porojo za kijiweni. Ni akiba ya familia nzima.

Na haja ya ndege katika ukanda huu imezidi. Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda Januari 2024, na njia fupi ya basi kutoka Mbarara kupitia Kigali hadi Bujumbura ikakatika. Uwanja wa Goma ulifungwa Januari 2025 vita vilipoingia mjini. Ndugu anayetaka kuwahi msiba au harusi kambini analazimika kuzunguka mbali kwa barabara au kupanda ndege.

Uvumi wenyewe mara nyingi huanza kwa marubani. Shirika likianza kuishiwa, wao huona mapema kuliko waziri au mwandishi wa habari. Ndege inaegeshwa "kwa matengenezo" wiki moja, kisha mwezi, halafu kipuri chake kinafunguliwa na kufungwa kwenye ndege nyingine. Ugenini muuza mafuta anataka taslimu kabla hajafungua bomba. Mshahara unachelewa, michango ya pensheni haionekani. Mwenye kuona hayo kila siku ana haki ya kubashiri. Lakini rubani si mhasibu: anaona dalili, haoni vitabu, na zaidi ya yote haoni mkono wa serikali uko tayari kuingia mfukoni mara ngapi.

Kenya Airways ndiyo darasa la jambo hili. Oktoba 2016 chama cha marubani wake, KALPA, kilitishia mgomo kikitaka mwenyekiti na mkurugenzi mtendaji waondoke. Shirika lilikuwa limetoka kutangaza hasara ya zaidi ya Sh26 bilioni za Kenya. Mwaka uliofuata madeni yakapangwa upya, na benki zilizokuwa zikilidai zikageuka kuwa wanahisa. Novemba 2022 marubani waligoma kweli, safari zikafutwa kwa siku kadhaa, hadi walipoamriwa na mahakama kurudi kazini. Moja ya madai yao ilikuwa michango ya mfuko wa akiba ya uzeeni iliyokuwa imesimamishwa.

Mwaka 2023 hasara ilikuwa Sh22.7 bilioni. Mwaka 2024 ikaja faida ya Sh5.4 bilioni, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi, na watu wakapumua. Nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi hasara ya takriban Sh12 bilioni, Boeing 787 tatu zikiwa zimeegeshwa kwa matatizo ya injini. Kwa miaka yote hiyo kifo cha shirika kimetabiriwa, na ndege bado zinaruka. Sababu haina siri: serikali inamiliki karibu nusu ya hisa na imedhamini mikopo yake.

Mashirika ya watu binafsi hayana mjomba wa namna hiyo. Jetlink ya Kenya ilisimamisha safari Novemba 2012 ikilalamika kwamba zaidi ya dola milioni mbili za mauzo yake zilikwama Juba, na haikurudi. Air Uganda ilisimama ghafla Juni 2014, si kwa madeni bali kwa sababu cheti chake cha kuendesha safari kiliondolewa na mamlaka ya anga ya Uganda baada ya ukaguzi wa kimataifa. Fastjet Tanzania ilisimama Desemba 2018, ikiwa na madeni, abiria wakihangaika na tiketi za sikukuu mkononi.

Hapo ndipo msafiri hugundua yeye ni nani machoni pa sheria. Tiketi iliyolipwa kabla ya safari ni mkopo aliolipatia shirika bila dhamana. Mali ikigawanywa, wenye dhamana hutangulia, na mishahara na kodi huwa mbele yake pia. Yeye yuko mkiani, na nauli ya kwenda Kampala kufuatilia madai inaweza kumaliza hata kile kidogo ambacho angerudishiwa.

Wanaohamishiwa nchi ya tatu wako tofauti kidogo. Safari zao hupangwa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, kwa hiyo ndege ikianguka kibiashara, tiketi mpya si jukumu la familia. Ingawa wanaokwenda Marekani hurejesha nauli hiyo kidogo kidogo wakishafika. Na Januari 2025 walijifunza kwamba safari inaweza kufa bila shirika lolote kufilisika, Washington iliposimamisha mpango mzima wa kupokea wakimbizi.

Inabaki Uganda Airlines, ambayo safari zake za Bujumbura, Mogadishu na Kinshasa zinafuata ramani ya watu wa Nakivale wenyewe. Iliwahi kufa mara moja, 2001, ubinafsishaji ulipokwama. Ilifufuliwa Agosti 2019, na imeandika hasara kubwa tangu hapo, ikiwamo ya zaidi ya Sh300 bilioni za Uganda mwaka wa fedha 2022/23. Serikali imekuwa ikiziba pengo. Kwa hiyo mwenye tiketi yake ana sababu ya kulala usingizi kuliko aliyekuwa na ya Jetlink. Lakini pengo hilo linazibwa pia kwa kodi ya asilimia 18 anayokatwa mtu akinunua sabuni dukani Mbarara, awe raia au mkimbizi, awe amewahi kupanda ndege au la.