Koleo la kumenyea nyaya: jina la nchi peke yake halitoshi kuthibitisha ubora

Koleo linalomenya waya wa umeme kwa mkandamizo mmoja wa mkono limekuwa bidhaa ya kawaida katika maduka ya vifaa vya umeme, yakiwamo ya Kariakoo jijini Dar es Salaam. Mengi ya makoleo hayo hutoka China, machache hutoka Ujerumani, Marekani au Japani, na tofauti ya bei kati ya la kwanza na la mwisho ni kubwa kiasi cha kumfanya mnunuzi ajiulize kama anacholipia ni ubora au ni jina.

Swali hilo lina uzito kwa sababu kazi ya koleo hili huishia ndani ya ukuta, mahali ambapo mwenye nyumba hawezi kuiona. Waya laini wa 1.5 mm² unaotumika katika nyaya za kunyumbulika huwa na nyuzi za shaba zipatazo 30, kila mmoja ukiwa na kipenyo cha milimita 0.25. Makali ya koleo yakikata nyuzi 6 wakati wa kumenya, sehemu moja ya tano ya shaba huwa imepotea pale pale waya unapoingia kwenye soketi au swichi. Umeme uleule hulazimika kupita katika njia iliyopungua, na joto huongezeka mahali hapo. Kwa waya mgumu wa uzi mmoja, hatari huwa ya namna nyingine: alama ndogo ya mkato hugeuka kuwa mahali pa kuvunjikia fundi anapoukunja waya kuingiza kwenye kisanduku. Waya uliovunjika nusu huendelea kupitisha umeme kwa muda, na taa huendelea kuwaka, hivyo kasoro haijulikani mapema.

Makoleo haya yako ya aina kuu tatu, na kuyafahamu kunasaidia zaidi kuliko kusoma bendera kwenye kasha. Aina ya kwanza ina matundu, kila tundu kwa unene wake wa waya. Mfano maarufu ni Stripmaster ya kampuni ya Ideal Industries ya Sycamore, jimbo la Illinois, Marekani. Fundi akichagua tundu sahihi, gamba hutoka safi na shaba haiguswi. Tatizo kwa fundi wa Tanzania ni vipimo. Koleo lililotengenezwa kwa soko la Marekani hufuata kipimo cha AWG, ambacho namba hupungua kadiri waya unavyonenepa. Namba 14 ni sawa na 2.08 mm², na namba 12 ni 3.31 mm². Waya wa 2.5 mm² unaotumika sana kwenye soketi huangukia katikati: tundu la 14 hukwaruza shaba, la 12 huacha sehemu ya gamba. Kifaa bora kabisa cha kwao kinaweza hivyo kuwa kibaya hapa, bila kosa la aliyekitengeneza.

Aina ya pili hujirekebisha yenyewe kwa taya zinazoufuata waya. Wajerumani wamewekeza sana hapa. Kampuni ya Knipex, iliyoanzishwa mwaka 1882 na ambayo makao yake ni mjini Wuppertal, hutengeneza MultiStrip 10, linalomenya nyaya za 0.03 hadi 10 mm² bila fundi kugeuza chochote. Weidmüller ya Detmold ina Stripax, la 0.08 hadi 10 mm². Anachopata mnunuzi kwa bei yake ni makali yanayolingana, kituo cha kupimia urefu wa kumenya, na vipuri. Makali ya MultiStrip yakiisha hubadilishwa, koleo likaendelea kufanya kazi.

Aina ya tatu ndiyo iliyojaa madukani: mwili wa chuma, taya mbili zilizokaa ubavuni, skrubu ndogo ya kurekebisha mkazo, na maandishi ya 0.2 hadi 6 mm². Makoleo ya umbo hili huuzwa kwa majina mengi, hata pale yanapofanana kama pacha. Yapo yanayomenya vizuri waya wa kawaida wa nyumba kwa miaka, na yapo ambayo taya zake hazikutani sawasawa tangu siku ya kwanza. Kusema kwamba yote ni mabovu kwa sababu yametoka China si haki wala si kweli. Kasoro yake kubwa ni kwamba ubora hubadilika kutoka moja hadi jingine, na jina lililoandikwa juu halimwambii mnunuzi lipi ni lipi.

Hata jina la zamani haliashirii mahali pa kutengenezwa. Vise-Grip lilikuwa fahari ya mji mdogo wa DeWitt, Nebraska, ambako mhunzi William Petersen alibuni koleo lake miaka ya 1920. Mwaka 2008 kiwanda hicho kilifungwa na kazi ikahamishiwa China. Jina lilibaki lilelile.

Suala la asili ya bidhaa lina historia ndefu. Mwaka 1887 Uingereza ilitunga Sheria ya Alama za Bidhaa, iliyotaka bidhaa za kigeni zioneshe zilikotoka, kwa kiasi kikubwa ili kuwaonya wanunuzi dhidi ya vyuma vya Ujerumani vilivyoigiza vya Sheffield. Matokeo yalikuwa kinyume: maandishi ya kutoka Ujerumani yakageuka kuwa sifa. Tanzania nayo ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo Tume ya Ushindani, FCC, huitumia kudhibiti bidhaa bandia. Koleo lenye nembo ya kampuni ya Ujerumani lakini lisilotoka kwa kampuni hiyo ni bidhaa bandia hata kama linamenya vizuri, na aliyeuziwa anaweza kuwasilisha malalamiko FCC. Risiti ni ushahidi muhimu.

Kabla ya kulipa, mnunuzi anaweza kuomba vipande vya nyaya anazotumia, avimenye mara kumi, kisha ahesabu nyuzi na kupitisha ukucha juu ya shaba kutafuta mkwaruzo. Gamba libaki na ukingo ulionyooka. Koleo lenye skrubu lirekebishwe kwanza, kwani mengi hulaumiwa kwa mkazo ambao haukuwekwa sawa.

Jambo moja halitegemei nchi wala bei. Mpira au plastiki kwenye mishikio ya mengi ya makoleo haya ni kwa ajili ya kushika vizuri tu. Vifaa vilivyopimwa kwa kazi kwenye umeme hai hufuata kiwango cha IEC 60900 na huwa na alama ya pembetatu mbili pamoja na 1000 V. Koleo lisilo na alama hiyo litumike umeme ukiwa umezimwa na kupimwa, na kazi ya kuunganisha nyaya za nyumba ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.