Gari Linalopozwa kwa Hewa Katika Mbio Fupi

Huenda umewahi kuona gari dogo la Volkswagen lenye mgongo wa mviringo kama kobe. Gari hilo huitwa Beetle. Lilibuniwa na Ferdinand Porsche nchini Ujerumani katika miaka ya 1930. Beetle ya mwisho ya aina hiyo ilitoka kiwandani nchini Meksiko mwaka 2003. Kwa jumla zilitengenezwa zaidi ya milioni 21.

Hapa Afrika Mashariki gari hili lilipata sifa katika mashindano ya Safari. Lilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Safari ni mashindano ya masafa marefu, katika vumbi na matope. Leo tutajifunza juu ya mashindano ya namna nyingine, yanayopendwa sana nchini Marekani. Hayo ni mbio fupi za kwenda moja kwa moja. Mbio hizo huisha kwa sekunde chache, lakini matayarisho yake huchukua miezi. Tena kulikuwa na kipindi cha televisheni ambamo aliyeshindwa alipoteza gari lake.

1. Mbio fupi ni nini?

Magari mawili husimama sambamba kwenye njia ya lami iliyonyooka. Wakipewa ishara, madereva wote wawili huondoka kwa nguvu. Anayefika mwisho kwanza ndiye mshindi. Urefu wa njia kwa kawaida ni robo maili, yaani karibu meta 402.

Zamani vijana wa Marekani walishindana hivi katika barabara za watu wote, na ajali zilikuwa nyingi. Mwaka 1951 kilianzishwa chama kinachoitwa NHRA. Shabaha yake moja ilikuwa kuwaondoa vijana barabarani na kuwapeleka kwenye viwanja vyenye sheria na wasimamizi. Tangu mwaka 1963 taa za rangi zilizopangwa kwenye mlingoti hutumika kuanzisha mbio. Taa za njano humwambia dereva ajiandae. Taa ya kijani humruhusu aondoke. Akiondoka mapema, taa nyekundu huwaka, naye huhesabiwa kuwa ameshindwa.

2. Injini isiyo na maji

Petroli inapowaka ndani ya injini huleta nguvu na joto. Joto likizidi, vyuma hutanuka, hukwaruzana na kuharibika. Kwa hiyo kila injini lazima ipozwe. Magari mengi hupozwa kwa maji yanayozunguka kutoka kwenye injini mpaka kwenye rejeta. Beetle haina rejeta wala maji. Injini yake iko nyuma, nayo hupozwa kwa hewa.

Tazama injini ya pikipiki. Utaona vipande vyembamba vya chuma vimetokeza kama mapezi ya samaki. Silinda nne za Beetle zina mapezi kama hayo. Uji wa moto ukimiminwa katika sahani pana hupoa upesi kuliko ukiwa katika kikombe, kwa sababu sehemu kubwa zaidi inaguswa na hewa. Mapezi hufanya kazi hiyo hiyo.

Juu ya injini kuna feni inayozungushwa kwa mkanda. Feni hiyo husukuma hewa kupita kwenye mapezi. Oili nayo husaidia kuondoa joto, na ina kipozeo chake kidogo kinachopigwa na upepo wa feni. Mkanda ukikatika, feni husimama na taa nyekundu huwaka mbele ya dereva. Hapo dereva hana budi kusimama na kuzima injini mara moja.

3. Kulitayarisha gari

Beetle ya kawaida haikuundwa kwa mbio. Injini yake ya 1600 ina nguvu za farasi 50 hivi tu. Katika robo maili hutumia sekunde 20 au zaidi. Hata hivyo, katika miaka ya 1960 kampuni ya EMPI ya Riverside, California, ilionyesha kwamba gari hili laweza kubadilishwa. Beetle yao ya mashindano, iliyoitwa Inch Pincher, ilijulikana sana. Mafundi hufanya mambo yafuatayo:

(a) Huongeza ukubwa wa injini. Pistoni za kawaida zina upana wa milimeta 85.5, nazo husafiri milimeta 69. Fundi wa mbio aweza kuweka pistoni za milimeta 94 zinazosafiri milimeta 82. Hapo ukubwa wa injini hutoka sentimeta za ujazo 1,584 na kufika 2,276. Petroli na hewa nyingi zaidi huwaka kwa kila mzunguko. Nguvu huongezeka, lakini na joto pia huongezeka.

(b) Huifanya injini ipumue vizuri. Kabureta moja ndogo hutolewa, zikawekwa mbili kubwa. Ekzosi pia hubadilishwa ili moshi utoke bila kizuizi.

(c) Huimarisha klachi, gia na ekseli. Nguvu mpya hupita huko kwenda kwenye magurudumu. Kifaa dhaifu kitavunjika pale pale pa kuanzia.

(d) Hupunguza uzito. Viti visivyohitajika hutolewa. Vioo na baadhi ya mabati hubadilishwa kwa vitu vyepesi.

(e) Huweka tairi pana na laini nyuma. Kabla ya mbio, dereva huzungusha tairi hizo papo hapo mpaka zipate moto na kushika lami. Uzito wa injini ya nyuma huzikandamiza zisiteleze. Hiyo ni faida kubwa ya Beetle.

Kuna jambo moja la kushangaza. Kuzungusha feni hula nguvu ya injini. Kwa hiyo baadhi ya madereva wa mbio huondoa mkanda wa feni. Injini hustahimili kwa sababu mbio ni za sekunde chache tu. Ikisha, injini huzimwa na kupozwa kwa feni ya umeme iliyo nje ya gari. Gari la barabarani likifanyiwa hivyo litaharibika baada ya mwendo mfupi.

4. Mbele ya televisheni

Mwaka 2005 kipindi kiitwacho Pinks kilianza kuonyeshwa nchini Marekani. Jina hilo lilitokana na hati ya kumiliki gari. Zamani katika jimbo la California hati hiyo ilikuwa karatasi ya rangi ya waridi. Wenye magari wawili walikuja na hati zao. Aliyeshindwa alimkabidhi mwenzake hati pamoja na gari.

Kabla ya mbio walipatana masharti. Mwenye gari lenye nguvu ndogo aliweza kuomba aanzie mbele ya mwenzake. Kila mmoja alijitahidi kuficha kasi halisi ya gari lake. Hapo nguvu ya injini peke yake haikutosha. Ilibidi kujua hesabu.

Tuchukue mfano. Tuseme mwenye Beetle amelijaribu gari lake mara nyingi, na kila mara ameandika muda katika daftari. Anajua kwamba linatumia sekunde 12 na nusu. Anakisia kwamba gari la mwenzake linatumia sekunde 12. Amezidiwa nusu sekunde. Je, aombe kuanzia mbele kwa meta ngapi?

Anajua kuwa mwishoni Beetle yake huwa na mwendo wa kilometa 170 kwa saa. Hizo ni karibu meta 47 kwa sekunde. Kwa nusu sekunde gari hupita zaidi ya meta 23. Beetle moja ina urefu wa meta 4 hivi. Basi, akianzia mbele kwa urefu wa magari sita, watakuwa karibu sawa. Akikubali magari mawili tu, huenda akarudi nyumbani kwa miguu.

Daftari linamwonyesha jambo jingine pia. Kupiga picha huchukua muda, na mbio huweza kurudiwa. Dereva ameandika oili ilifika joto gani baada ya kila mbio, na ilichukua dakika ngapi kupoa. Kwa hiyo anajua wakati wa kukubali mbio nyingine na wakati wa kuomba asubiri.

5. Usalama

Kabla ya mbio wasimamizi hukagua magari. Dereva wa gari la mwendo mkali huvaa kofia ngumu na nguo zisizoshika moto upesi. Hufungwa mikanda, na ndani ya gari huwa na fremu ya mabomba ya chuma ya kumkinga likipinduka. Wazima moto na gari la wagonjwa huwa karibu. Jambo hili ni muhimu sana kwa Beetle. Kasha la injini yake limetengenezwa kwa mchanganyiko wa madini ya magnesi. Magnesi ikishika moto ni vigumu kuizima.

Hata hivyo hatari haiishi. Mwaka 2008 dereva mashuhuri Scott Kalitta alikufa katika kiwanja cha Englishtown, New Jersey. Baada ya hapo NHRA ilifupisha mbio za magari yenye kasi kuliko yote zikawa futi 1,000, yaani karibu meta 305.

Watazamaji wa televisheni huona sekunde 12 tu. Hawaoni ukaguzi, wala daftari, wala kazi ya miezi. Kijana anayeiga mbio hizo kwa pikipiki katika barabara ya kijiji hana vitu hivyo. Mbele yake kuna watoto wanaotoka shule.

Lakini yapo mambo mazuri ya kuiga. Kama una pikipiki yenye mapezi, safisha matope yaliyoganda ili hewa ipite. Pima oili mara kwa mara. Andika katika daftari tarehe ya kubadili oili na kilometa ulizokwenda. Na unapopatana na mtu juu ya mali yako, fanya hesabu na soma karatasi kabla ya kutia sahihi.

Maswali

1. Injini ya Beetle hupozwa na nini?
2. Kwa nini silinda zina mapezi?
3. Gari likienda meta 40 kwa sekunde, litapita meta ngapi kwa nusu sekunde?
4. Daftari lilimsaidiaje dereva katika mapatano?
5. Zungumzeni darasani: ni mambo gani ya kazi zenu yanayofaa kuandikwa katika daftari?