Udi wa Maskati na Hesabu ya Forodha

Katika nyumba zetu neno udi lina maana mbili. Upo udi wa chetezoni, unaofukiziwa nguo za sikukuu na chumba cha bibi harusi. Na upo udi wa nyuzi, ala yenye tumbo la mviringo ambayo sauti yake imesikika katika harusi za Lamu, Mombasa na Unguja tangu zama za mababu. Ni huu wa pili uliotufikisha Lavington, magharibi mwa Nairobi, kwa mama mmoja mzaliwa wa Lamu aliyehamia bara zaidi ya miaka 20 iliyopita.

Tunajua kwamba maulamaa wametofautiana juu ya ala za muziki, na makala haya hayakusudii kuamua baina yao. Tunazungumzia mambo mawili yasiyo na khitilafu: namna mali ya familia inavyotumika, na ukweli wa neno linaloandikwa katika karatasi.

Babu wa nyumba ile alikuwa mpiga udi. Alipofariki, ala yake ilibaki juu ya kabati hadi ikabunguliwa na wadudu. Mjukuu wake, kijana wa miaka 15, alijifunza vidole vya kwanza kwa kuazima udi wa watu. Mwaka huu mpwa wa mama huyo anayefanya kazi Maskati akaona udi uliotumika, mzima, ukiuzwa kwa riyali 120 za Omani, takriban shilingi 40,000. Mama alikuwa na shilingi 45,000 za zamu yake ya chama. Akaona fedha zimetosha na kubaki.

Siku ya pili mpwa alipiga simu. “Khalati, wenye kujua wananiambia tuandike riyali 30, au tuseme ni zawadi, ili ushuru upungue. Niandikeje?”

Mama aliomba muda wa kufikiri. Asubuhi yake alishuka mjini, nasi tukafuatana naye hadi ofisi ya wakala wa forodha katikati ya jiji, si mbali na jumba la Times Tower katika barabara ya Haile Selassie. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba bei ya muuzaji ni mwanzo tu wa hesabu.

Jambo la kwanza ni nauli. Kampuni za kusafirisha vifurushi kwa ndege hazitazami mizani peke yake. Hupima urefu, upana na kimo cha sanduku kwa sentimita, huzidisha, kisha hugawanya jibu kwa 5,000. Sanduku la udi lenye urefu wa sentimita 85, upana 40 na kimo 25 huhesabiwa kuwa kilo 17, ijapokuwa ala na kasha lake ni kilo chache tu. Kwa maneno mengine, mnunuzi hulipia hewa iliyomo sandukuni. Ndiyo maana wengine huchagua meli, mzigo ukachanganywa na mizigo ya watu wengine ndani ya kontena hadi Mombasa, wakakubali kungoja.

Jambo la pili ni ushuru wenyewe. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina jedwali moja la ushuru wa forodha. Tangu Julai 2022 madaraja yake makuu ni manne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Ala za muziki zimo katika sura ya 92 ya jedwali hilo, na ala za nyuzi kama udi na gitaa huangukia namba 9202. Namba hiyo ndiyo ya kumwuliza wakala kabla ya kutuma hata shilingi moja, kwa sababu kosa la namba ni kosa la daraja.

Tuseme udi ni shilingi 40,000, nauli ya meli pamoja na bima ni 20,000, na daraja ni asilimia 10. Kwa mzigo wa baharini ushuru hautozwi juu ya bei peke yake, bali juu ya bei, bima na nauli kwa pamoja, yaani 60,000. Ushuru ni 6,000. VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya jumla ya hizo mbili, 66,000, nayo ni 10,560. Ada ya tamko la uagizaji, ijulikanayo kama IDF, ni asilimia 2.5 ya 60,000, yaani 1,500. Tozo ya reli, iliyopandishwa hadi asilimia 2 mwishoni mwa Desemba 2024, ni 1,200. Serikali peke yake itachukua 19,260. Udi wa 40,000 umekwisha kuwa wa 79,260, na bado ujira wa wakala na gharama za bandarini.

Kwa mzigo wa ndege, Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 haiingizi nauli katika thamani ya kutozea ushuru wa forodha. Ni haki ya mnunuzi kumkumbusha wakala jambo hilo.

Mama alinyamaza kitambo, kisha akauliza lile swali la riyali 30. Wakala hakuficha. Maafisa wa forodha wana uwezo wa kuikataa bei iliyotajwa na kuweka thamani wanayoiona kuwa ya haki. Na tamko la uongo ni kosa la jinai: sheria hiyo hiyo inataja kifungo kisichozidi miaka 3 au faini isiyozidi dola 10,000. Neno “zawadi” nalo haliifanyi bidhaa iliyonunuliwa kuwa zawadi. Hata jamaa akiubeba udi mkononi, msamaha wa abiria ni kwa vitu vyake mwenyewe, si vya kumpelekea mwingine.

Kwa udi uliotumika kuna tahadhari moja zaidi, nayo ni nakshi. Ala za zamani huenda zikapambwa kwa pembe za ndovu au gamba la ng'amba, na biashara ya vitu hivyo baina ya nchi na nchi imepigwa marufuku. Kenya ndiyo iliyochoma tani 105 za pembe katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi tarehe 30 Aprili 2016. Ala yenye pembe haitarajii huruma hapa. Mnunuzi na aombe picha za karibu za uso, shingo na vigingi, na aombe pia nyuzi zilegezwe kabla ya kufunga mzigo ili shingo isivutwe njiani.

Tulirudi Lavington kwa matatu, mama akiwa na karatasi ya hesabu mkobani. Pengo lilikuwa zaidi ya shilingi 34,000, na fedha nyingine zilizokuwamo nyumbani zilikuwa karo. Wengi wetu hapo ndipo tunapoteleza. Tunaisoma Suratul Mutaffifin na kumfikiria muuza mchele sokoni, tukasahau kwamba karatasi ya forodha nayo ni mizani.

Jioni alimpigia mpwa wake. “Mwanangu, andika riyali 120, kama ulivyouambiwa. Lakini usiutume sasa. Mwombe mwenyewe atuwekee, umpe arubuni.”

Muuzaji amekubali kungoja miezi 4. Zamu nyingine ya chama iko karibu, na kijana ametoa fedha zake za Idi bila kuombwa. Udi bado uko Maskati. Ukifika, in shaa Allah, utafika na karatasi ambayo mama huyo ataweza kumwonyesha mtu yeyote, akiwemo mwanawe.