Je, Wajua? Kidukari Hudanganywa na Mwanga

Kidukari mwenye mabawa haongozwi na harufu peke yake. Akiwa angani hutafuta kijani kilichozungukwa na udongo mtupu. Tandaza plastiki ya rangi ya fedha chini ya pilipili hoho au nyanya, na miale ya urujuanimno itarudi juu kutoka ardhini: mdudu anaona mbingu iko chini yake, anapotea njia. Nzi weupe na thripsi nao huchanganyikiwa.

Huko Njoro, Rongai na Mau Narok, maeneo ya ngano nchini Kenya, si lazima ununue plastiki. Kombaini ikishapita, mabua ya ngano hufungwa marobota ya kulisha ng'ombe. Robota moja likifumuliwa kati ya miche, umanjano wake hufuta ile tofauti ya kijani na udongo. Kwenye viazi ndiko faida inakonoga. Kidukari huambukiza viazi virusi viitwavyo Y kwa kudunga jani sekunde chache tu, kwa hiyo dawa humuua akiwa ameshaharibu. Afadhali asitue kabisa.

Hila yenyewe haidumu. Majani ya mmea yakishafunika sehemu kubwa ya ardhi, mng'ao umekwisha. Basi tandaza mapema, siku ileile ya kupandikiza. Usiyasukume mabua hadi kwenye shina, acha vidole vinne hivi, maana unyevu huita konokono. Na muulize mwenye ngano alipuliza dawa gani ya magugu: baadhi hukaa ndani ya mabua, na baada ya wiki kadhaa utaona majani ya nyanya yamejikunja kama makucha.