Mchungaji naye nani amchunge?

Hebu, msomaji, siku moja ya Jumapili jaribu kutembea kwa miguu kutoka Masimba hadi Soweto, pale Kayole. Kabla hujafika utakuwa umeyapita makanisa mengi hata hesabu ikupotee. Liko la mawe lenye kengele, liko la mabati, liko la hema, liko la orofani juu ya duka la vyuma, na jingine limekodi darasa la chekechea ambalo Jumatatu litarudiwa na wenyewe wenye kalamu za rangi. Vipaza sauti vinashindana. Kina mama wamejifunga vitambaa, watoto wamepakwa mafuta usoni wakang'aa, na kila mmoja anajua mlango wake.

Hesabu ya watu ya 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya Wakenya 85 katika kila 100 ni Wakristo. Kwa hivyo swali ninalotaka tulijadili leo si la wasomi wa Biblia pekee. Linaingia jikoni, linaingia katika karo ya mtoto na kodi ya nyumba. Je, Mkristo amwamini kiongozi wake wa dini kiasi gani?

Nina sababu ya kuuliza. Mnamo 2005 nilikuwa kidato cha pili, nasi tukiabudu katika kanisa dogo la mabati papa hapa Eastlands. Pasta wetu alikuwa mtu wa watu. Mtoto akiugua usiku, yeye ndiye wa kwanza kubisha hodi. Basi aliposema kwamba Bwana amempa maono ya ploti kule Njiru, hakuna aliyeguna. Mama yangu alikuwa na cherehani ya kushonea sare za shule, na hiyo ndiyo iliyotulisha. Aliiuza. Fedha zote akaziweka ndani ya bahasha akaipeleka madhabahuni, na jina lake likaandikwa katika daftari. Risiti hakupewa, wala hakuiomba.

Muhula uliofuata nilikaa nyumbani kwa kukosa karo. Miezi ikapita, pasta akahama mtaa bila kuaga, na wazee wa kanisa walipokwenda Njiru kuitazama hiyo ploti walimkuta mwenyewe akichimba msingi wa nyumba yake. Hakuwa amewahi kumsikia pasta wetu. Nilimwuliza mama kwa nini hakutaka kuona hata karatasi moja. Alinijibu, "Mwanangu, ningemwulizaje mtumishi wa Mungu kama ninayemdai nyanya sokoni?"

Jibu hilo limenikaa moyoni miaka yote hii. Nililikumbuka tena Aprili 2023 polisi walipoanza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Paul Mackenzie, mwanzilishi wa kanisa la Good News International, alidaiwa kuwafundisha wafuasi wake kufunga kula hadi wafe ili wakutane na Yesu. Maiti zilizofukuliwa zilizidi 400, nyingi zikiwa za watoto. Mackenzie alikana mashtaka, na mambo ya mahakama tuwaachie mahakimu. Lakini wale watu hawakuwa wajinga, kama wengi wetu tulivyoharakisha kusema tukiwa tumeketi mbele ya runinga. Walikuwa wazazi waliouza mali zao na kuwashika watoto wao mkono. Walifika msituni hatua kwa hatua, na nadhani hatua ya kwanza ilikuwa ile ile ya mama yangu: kuona haya kuuliza.

Huko nyuma, mwaka 2014, runinga ya KTN ilikuwa imetangaza upelelezi kuhusu mhubiri Victor Kanyari. Ulionyesha jinsi dawa ya potassium permanganate ilivyotiwa katika maji ya kuosha miguu, maji yakageuka mekundu kama damu, na waumini wakaombwa kutoa mbegu ya shilingi 310. Nchi nzima ilicheka, na vijana wakaigeuza 310 kuwa mzaha wa mitaani. Kicheko kilipoisha, serikali ikaandaa kanuni za kuwataka wahubiri wawe na elimu ya dini na cheti cha tabia njema. Makanisa yakapinga, makubwa kwa madogo, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaagiza zirudishwe zikajadiliwe upya. Sisemi kanuni zile zilikuwa nzuri. Nasema tu kwamba Shakahola ilitukuta bado tunajadiliana.

Kuna neno ambalo bila shaka umelisikia ukithubutu kuuliza habari za fedha kanisani: usiwaguse watiwa mafuta wa Bwana. Fungua Zaburi ya 105 uisome yote. Inawazungumzia Abrahamu, Isaka na Yakobo walipokuwa wageni wachache wasio na nchi, na wanaoonywa ni wafalme wasiwadhuru. Hakuna mhazini wala daftari la sadaka mahali pale. Naye Daudi, aliyekataa kumwua Sauli kwa sababu ametiwa mafuta, yeye mwenyewe akiwa mfalme aliyetiwa mafuta alisutwa uso kwa uso na nabii Nathani kwa habari ya mke wa Uria. Hakumwambia Nathani anyamaze.

Ni kweli, barua kwa Waebrania inawataka waumini kuwatii viongozi wao, na sifichi. Lakini aya iyo hiyo inasema viongozi hao watatoa hesabu. Watu wa Beroya walisifiwa katika Matendo ya Mitume kwa sababu waliyapima maandishi kila siku waone kama Paulo amesema kweli. Paulo mzima! Tena yeye alipochukua mchango wa kuwapelekea maskini wa Yerusalemu hakutaka kuubeba peke yake. Aliwaeleza Wakorintho kwamba Tito atakwenda na ndugu wengine, mmoja wao amechaguliwa na makanisa, ili mtu asipate la kulaumu. Kama mtume alitaka mashahidi wa fedha, pasta wa mtaa wetu anakasirikia nini?

Sasa turudi pale Soweto tulikokuwa tukienda. Jumapili ya Novemba 17, 2024, Rais William Ruto alihudhuria misa katika kanisa Katoliki la Soweto. Alitoa shilingi milioni 2 za nyumba ya padri na 600,000 za kwaya na watoto wa utume, akaahidi milioni 3 nyingine pamoja na basi la parokia. Siku tatu kabla ya hapo maaskofu Wakatoliki walikuwa wameikosoa serikali yake vikali. Jumatatu, Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, akatoa taarifa kwamba fedha hizo zitarudishwa kwa mwenyewe, na ahadi zile nazo hazipokelewi.

Fikiria wewe ni mwanakwaya wa Soweto. Jana umepiga vigelegele, leo unaambiwa hakuna kitu. Lazima iliuma. Hata hivyo, mimi naona uamuzi ule uliwapa watu wa Eastlands kipimo ambacho mahubiri 100 hayangewapa: walimwona kiongozi akikataa kitu ambacho angeweza kukipokea kimya kimya. Machi 2025 Rais huyo huyo aliwapa Jesus Winner Ministry, Roysambu, shilingi milioni 20. Zilipokelewa, na Jumapili iliyofuata vijana wakaandamana hadi polisi wakarusha vitoa machozi.

Wazee wetu walikuwa na kipimo kama hicho. Walimwamini Askofu Alexander Muge wa Eldoret, aliyeonywa na waziri kwamba akienda Busia huenda asirudi hai, akaenda, na akafa katika ajali ya barabarani Agosti 14, 1990. Na watu wa Korogocho hawakuhitaji kuambiwa kuhusu Padri Alex Zanotelli, Mwitaliano aliyeishi miongoni mwao kwa zaidi ya miaka 10, akila vumbi na moshi wa jaa la Dandora kama wao.

Lakini si kila mtaa utapata Muge. Wengi wetu tutapata watu wa kawaida, wema kiasi, wenye karo zao za kulipa. Ndiyo maana ipo Sheria ya Vyama, ambayo makanisa mengi yamesajiliwa chini yake. Inataka mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka, na wanachama wasomewe hesabu za fedha. Je, kwenu zilisomwa lini? Mwanafunzi unayesomea uhasibu, hii ndiyo kazi yako, jitolee.

Mama bado anakwenda kanisani, jingine, na mvua haimzuii. Walimchagua mhazini wa kina mama. Juzi nilimkuta mezani na daftari lake, kando yake kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni. Pasta wao alikuwa ametuma mtoto achukue 3,000 za kulipia viti. Mama alimrudisha yule mtoto mikono mitupu na ujumbe mmoja: "Mwambie Pasta, kwa heshima zote, aje mwenyewe atie sahihi."

Alikuja. Alikunywa chai pia.