Bidoni ya zamani, rangi mpya: uliza kwanza ndani mulikuwa nini



Kwetu ku machimbo hakuna chombo kinachotupwa. Bidoni ya manjano ya litre 20 inakuja na mafuta ya kupikia. Mafuta yakiisha, inachota maji. Ikipasuka, tunaikata: upande wa chini unatoa maji mu shimo, upande wa juu unasaidia kumimina mazuti mu motopompe. Kopo la Nido linakuwa kipimo cha unga sokoni. Kopo la mafuta ya msaada, lile la alama USA, linakuwa koroboi ao mbabula.

Wale waliofanya kazi Bisie, kule Walikale, miaka ya kwanza kisha 2002, wanakumbuka. Kila kitu kilipita porini kwa mgongo wa mtu. Bidoni tupu ilikuwa mali.

Lakini kuko kazi nyingine ya bidoni na makopo, na sisi wa sendika hatukuiheshimu mwanzoni. Mama zetu wa likelemba walianza kuyaosha na kuyapaka rangi. Wanachora majani ya ndizi, ng'ombe wa Masisi, mistari ya kukunjana kama ile ya imigongo ya Rwanda. Ndani wanaweka maharagwe, unga wa muhogo, chumvi, sabuni. Wanaume tulicheka. Tulisema: hii ni mapambo tu, haitulishi.

Njo ikatokea jambo lililotunyamazisha. Mu kambi yetu moja, mtoto wa miaka 4 alirudi na kiu. Nyuma ya nyumba kulikuwa bidoni ya manjano, sawa na ile ya maji. Ndani mulikuwa esansi ya motopompe. Akakunywa. Watu walikimbia wakitaka kumtapisha. Muganga alituambia kisha: musifanye vile hata siku moja. Esansi, mazuti ao petroli ikitapishwa, inaingia mu mapafu, na pale ndipo inaua. Mupeleke mtoto mbio ku santé, na muchukue ile bidoni muonyeshe. Mtoto alilala kule siku 3, akarudi muzima. Baba yake aliiweka ile bidoni pale yeye mwenyewe. Alikuwa mwenzetu wa shimo.

Tangu siku ile, rangi ya mama zetu ikawa sheria yetu. Tulipatana hivi: nyekundu tunaiacha kwa hatari peke yake. Bidoni ya esansi, mazuti, mafuta ya moteri ao asidi ya betri inapata mkanda mpana mwekundu, na haiingii nyumbani. Ya maji inapata bluu. Ya chakula mutachora munavyopenda, lakini bila nyekundu. Mtoto asiyejua kusoma anajua rangi.

Mukitaka kuanza, mufanye hivi.

Kwanza, muulize ndani mulikuwa nini. Kama hamujui, isibebe chakula wala maji. Bidoni ao kopo la dawa ya shamba, kama Dithane ya viazi, haisafishiki kwa sabuni. Plastiki inakunywa sumu. Mulitoboe, lisiuzwe tena. Ile iliyobeba mchanga wa koltani ibaki kazi ya mawe: koltani nyingi ina uranium kidogo ndani.

Pili, muoshe na maji ya moto, sabuni na majivu, mukaushe. Mdomo wa kopo mupige nyundo ndani, usikate mikono.

Tatu, murangi nje tu. Ndani hapana, na ku mdomo pia muache nafasi ya vidole viwili. Rangi zingine za mafuta ziko na plombi, na plombi inaharibu akili ya mtoto. Mupakie nje ya nyumba, na muache ikauke vizuri mbele ya kuitumia.

Kwa maharagwe kuko faida kubwa zaidi. Muyaanike mpaka yakauke kabisa, mujaze bidoni mpaka juu, mufunge kifuniko kikali. Wadudu wanakosa hewa, wanakufa bila dawa. Mupake tarehe kwa nje, na musifungue ovyo.

Sasa mutauliza: sendika na makopo, wapi na wapi? Mukumbuke mwezi wa 9 mwaka 2010, serikali ilipofunga machimbo ya Kivu na Maniema mpaka mwezi wa 3 mwaka 2011. Nyumba zilizokuwa na shimo peke yake zililia ku butiki, deni juu ya deni. Bidoni mbili za maharagwe ni wiki nyingi bila kupiga magoti mbele ya mwenye duka. Hiyo nayo ni kutetea mchimbaji.

Na kuko kopo moja tunaomba kila nyumba iwe nalo. Mulichore vizuri kuliko yote, mulijue hata usiku. Ndani muweke karata ya mchimbaji, karata ya uchaguzi, vyeti vya kuzaliwa, biletini za masomo, daftari ya likelemba, vyote mu sashe ya plastiki. Rubaya mwezi wa 4 mwaka 2024, Walikale-Centre mwezi wa 3 mwaka 2025, vita ilipofika watu hawakupata muda wa kutafuta. Asiye na karata, akirudi, anaanza kuomba jina lake upya.

Kwetu, kopo hilo liko na ua la manjano. Watoto wote wanajua linakaa wapi, na nani ndiye wa kulibeba.