Mtoto Asiyetulia Mchana Wala Kulala Usiku



Mara nyingi mama hufika kliniki macho yake yakiwa mekundu kuliko ya mtoto aliyemleta. Husema: "Sista, huyu mchana hatulii, usiku halali. Baba yake amechoka kumchapa."

Mtoto huyu hajarogwa, wala si mkaidi. Wako watoto ambao ubongo wao huchelewa kujifunza kutulia na kuzingatia jambo moja, na wengi wao hupata usingizi kwa shida. Mtu mzima akikosa usingizi husinzia. Mtoto mdogo huzidi kurukaruka. Hivyo kukosa usingizi huongeza utundu, na utundu hufukuza usingizi. Fimbo huongeza hofu tu.

Lakini si kila asiyetulia ana tatizo hilo. Kwanza apimwe malaria, minyoo inayowasha usiku, maumivu ya sikio, mafindofindo yanayomfanya akorome, na upungufu wa damu. Tazameni na nyumbani: ngoma za jando zinazokesha, chakula cha usiku kinachochelewa msimu wa korosho, au baridi ya Newala mwezi Juni na Julai.

Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji kulala muda wa saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12.

Fanyeni hivi:

1. Alale na kuamka wakati ule ule kila siku. Anayeamka saa 12 asubuhi awe amelala saa 2 usiku.

2. Mchana acheze sana nje. Jioni asinywe chai ya majani, wala asitazame video au simu.

3. Kila usiku mfuate utaratibu mmoja: kula, kunawa, hadithi fupi, sala, kisha chandarua. Maji yakiwa haba, kitambaa kilicholoweshwa chatosha.

4. Akiamka, mrudisheni kitandani kwa sauti ya chini na maneno machache. Kibatari na kiberiti viwe mbali naye.

5. Msimpe dawa ya mafua, vidonge vya usingizi vya watu wazima, wala pombe ili alale. Vitu hivyo vyaweza kudhoofisha pumzi yake, na baadhi ya watoto huchachamaa zaidi.

Baba na mama wapeane zamu, maana mzazi aliyechoka hukasirika upesi.

Endeleeni hivyo kwa wiki tatu au nne bila kukata tamaa. Kama hali haibadiliki, na utundu umedumu miezi 6 au zaidi, nyumbani na shuleni pia, mpelekeni hospitali ya wilaya au Ndanda. Mwalimu wake aeleze anayoyaona darasani. Daktari akiona inafaa, atawaelekeza kwa wataalamu wa afya ya akili ya watoto. Mtoto anayekoroma na kukatikakatika pumzi usingizini asingoje wiki hizo. Aletwe mara moja.

Na usiku wa leo, fimbo ibaki nje ya mlango.